Wake Wawili wa Mchezo wa Kaizari

Leo twapenda kuwaeleza habari za wanawake wawili wa mchezo wa Kiingereza ambao twaweza kuusoma kwa Kiswahili, kwa kazi ya mtu wa pande zetu hizi za Ziwa Victoria. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama karibu na Musoma, ndiye aliyeutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari wa Rumi. Tafsiri hiyo ilipigwa chapa mwaka 1963, naye wakati huo alikuwa Rais wa Tanganyika; kisha akaitengeneza tena, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Mchezo wenyewe uliandikwa yapata mwaka 1599. Umejaa wanaume. Wanawake wasemao ni wawili tu, Calpurnia mkewe Kaizari, na Portia mkewe Brutus. Nao zamani hizo walichezwa na wavulana, jambo ambalo halitawashangaza wanafunzi wa shule za wavulana.

Calpurnia twamwona kwanza katika aibu. Siku ya sikukuu Kaizari alimwagiza Antony amguse mkewe atakapokuwa akipiga mbio, kwa kuwa ilisadikiwa kwamba tasa akiguswa hivyo hupata mtoto. Aliyasema hayo hadharani. Mwanamke wa Usukumani au wa Ukerewe aliyepata kuulizwa habari za uzazi wake mbele ya wageni aujua uzito wa maneno hayo.

Lakini ni yeye aliyeiona hatari. Aliota sanamu ya mumewe ikitoka damu, na Warumi wakinawa mikono humo. Akapiga magoti, akamsihi asitoke nyumbani, naye akakubali. Ndipo alipofika Decius, mmoja wa wauaji, akaigeuza ndoto kuwa ya heri, kisha akasema watu watacheka wakisikia baraza lingoje mpaka mke wa Kaizari aote ndoto njema. Kaizari akaona haya, akataka joho lake, akaenda kufa. Kwa maoni yetu, kilichomwua hapo ni hofu ya kuitwa mtu atawaliwaye na mkewe.

Portia naye, usiku ule ule, alimtaka Brutus amweleze siri yake. Mke asiyeambiwa mambo ya mumewe, alisema, ni hawara tu. Hoja hiyo ni nzuri mno. Ya pili yatuhuzunisha: alionyesha jeraha alilojitia pajani, kuthibitisha kwamba nguvu zake zapita za wanawake wengine. Hata katika lugha yetu neno "kiume" hutumika kwa maana ya ushujaa, na Portia hakupata kipimo kingine cha kujipimia.

Asubuhi alitetemeka, akamtuma kijana barazani bila kumwambia la kufanya huko, akalalamika kwamba ni vigumu mwanamke kutunza siri. Wako wasomaji wanaomcheka kwa hayo. Wasahau kwamba Brutus mwenyewe, kwa siri ile ile, alikuwa hapati usingizi.

Kufa kwake hatukuoni. Brutus, akiwa vitani, amwambia mwenzake Cassius kwamba Portia, kwa upweke na kwa kusikia nguvu za adui zimezidi, amemeza moto. Kisha aagiza divai, na shauri la vita laendelea.