Vimbunga vya Bahari ya Hindi, Sehemu ya 4: Mjumbe Hauawi

Alhamisi, Septemba 30, 2021, serikali ya Ethiopia iliwapa maafisa saba wa Umoja wa Mataifa saa 72 wawe wameondoka nchini. Jumapili yake, Oktoba 3, kimbunga Shaheen kikaingia pwani ya Batinah, kaskazini mwa Omani. Magazeti yaliziweka habari hizi kurasa tofauti, moja kwenye siasa na nyingine kwenye maafa. Mimi naziona ni habari moja.

Waliofuatana nasi tangu sehemu ya kwanza hawahitaji kuelezwa tena jinsi bahari yenye joto inavyokilisha kimbunga, wala kwa nini upepo wake huzunguka kinyume na mwendo wa saa kaskazini mwa ikweta. Dhoruba iliyong'oa mikarafuu ya Unguja mwaka 1872 nayo tumeimaliza. Leo tunauliza: mtu aliyeko ufukweni hujuaje kwamba kimbunga kinakuja, na nani humletea habari hiyo?

Shaheen kilianzia Ghuba ya Bengal kwa jina la Gulab. Septemba 26 kiliingia nchi kavu katika jimbo la Andhra Pradesh, kikadhoofika, kikaivuka India kikiwa mgandamizo mdogo wa hewa tu, kisha kikatokea Bahari ya Arabuni na kupata nguvu mpya na jina jipya. Safari yote hiyo ilifuatiliwa na kituo cha New Delhi, kilichokabidhiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani jukumu la kuiangalia kaskazini ya Bahari ya Hindi. Huku kwetu kusini mwa ikweta kazi hiyo inafanywa na kituo cha Réunion. Majina ya vimbunga vya kaskazini hutoka katika orodha iliyoandaliwa na nchi 13: Gulab lilitolewa na Pakistan, Shaheen na Qatar. India na Pakistan zimepigana vita zaidi ya mara moja, lakini katika jambo hili zinakaa meza moja.

Omani ilisikia onyo na kutenda. Watu walihamishwa kutoka pwani, na serikali ikatangaza siku mbili za mapumziko. Sehemu za Batinah zilipata zaidi ya milimita 300 za mvua, ilhali Maskati kwa kawaida hupata kama milimita 100 kwa mwaka mzima. Watu zaidi ya kumi walifariki, na tunawapa pole ndugu zetu. Lakini mwaka 1890, pwani hiyo hiyo ilipopigwa bila onyo, waliokufa walihesabiwa kwa mamia.

Onyo hilo lina historia, na hapa sina budi kukaa kidogo na mtu ninayemheshimu kuliko wote katika elimu hii, Henry Piddington. Alikuwa nahodha Mwingereza wa meli za biashara, akaacha bahari na kufanya makazi Calcutta. Mwaka 1839 alianza kuandika juu ya dhoruba, akitumia madaftari ya safari ya manahodha waliokumbwa nazo. Humo alitafuta mambo matatu: saa, upande upepo ulikotoka, na kipimo cha baromita. Daftari moja peke yake halikumtosha. Alichukua madaftari ya meli kadhaa zilizokuwa sehemu mbalimbali za bahari siku ile ile, akayalinganisha, na mwelekeo wa upepo kwenye kila meli ukamwonyesha kitovu cha dhoruba kilikuwa wapi na kilikuwa kinaelekea wapi.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha meli Charles Heddle. Februari 1845, karibu na Mauritius, meli hiyo iliachwa ikimbie na upepo, na kwa siku tano ikazungushwa mara tano kukizunguka kitovu cha kimbunga. Nahodha aliyekuwa ndani ya dhoruba aliandika kila alichokiona. Piddington, mezani kwake Calcutta, akayatumia maandishi hayo kuichora njia yote. Ushahidi ulikuwa wa mmoja, maarifa yakawa ya wote.

Mwaka 1848 alitoa kitabu cha mabaharia kilichofuatana na vibao viwili vya pembe nyembamba ya mnyama, pembe unayoweza kuona kupitia ndani yake. Kimoja kilikuwa cha kaskazini mwa ikweta, kingine cha kusini. Nahodha alikilaza kibao juu ya ramani, akakisogeza mpaka upepo uliochorwa ulingane na upepo uliompiga, akajua hatari iko upande gani.

Kisha likaja jaribio la kweli. Watawala wa India walitaka kujenga bandari mpya kwenye mto Matla, kusini mashariki ya Calcutta. Mwaka 1853 Piddington alimwandikia Gavana Mkuu akimwonya kwamba siku moja kimbunga kitasukuma maji ya bahari hadi hapo na kuifunika bandari. Hakusikilizwa. Alifariki mwaka 1858, bandari ikajengwa na kuitwa Port Canning, na mwaka 1867 maji yakaja kama alivyosema. Haukupita muda mrefu bandari ikaachwa.

Siku hizi tuna setelaiti na maboya ya kupimia bahari, lakini msingi haujabadilika: mashahidi wengi, vipimo vilivyo wazi, na kulinganisha. Pia kosa la watawala halijabadilika. Mwishoni mwa 2007 wanajeshi waliokuwa wakitawala Myanmar walimfukuza Charles Petrie, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, baada ya kutolewa tamko kuhusu hali mbaya ya maisha ya wananchi. Mei 2, 2008, kimbunga Nargis kikaingia delta ya Irrawaddy. New Delhi ilikuwa imetoa onyo mapema. Kiasi cha watu 138,000 walikufa au kupotea, na wafanyakazi wa misaada wakasubiri viza kwa wiki kadhaa huku maiti zikielea. Serikali iliyozoea kumnyamazisha mleta habari haina sikio siku ya kuhitaji habari.

Sasa turudi Ethiopia, katika mji wake mkuu Addis Ababa. Maafisa saba waliofukuzwa walikuwa wakisimamia misaada, watoto na haki za binadamu. Siku mbili kabla ya kufukuzwa kwao, mkuu wa misaada wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Martin Griffiths, alisema ni kama asilimia 10 tu ya malori yaliyohitajika ndiyo yaliyokuwa yakiingia Tigray, eneo la kaskazini mwa nchi lililokuwa vitani. Ethiopia ilisema maafisa hao waliingilia mambo yake ya ndani. Ni kweli Mkataba wa Vienna wa 1961 unairuhusu nchi kumkataa balozi bila kutoa sababu. Lakini mtumishi wa Umoja wa Mataifa si balozi wa nchi yoyote. Kifungu cha 100 cha Mkataba wa Umoja huo kinazitaka nchi wanachama ziheshimu kazi yake. Mwenye lalamiko hulipeleka kwa Katibu Mkuu.

Oktoba 6, mbele ya Baraza la Usalama, balozi wa Ethiopia alidai kwamba maafisa waliongeza idadi ya wahitaji kwa watu milioni moja. Katibu Mkuu António Guterres akamwomba nyaraka. Hilo ndilo jibu la Piddington: lete daftari tulinganishe. Ugomvi wa hesabu humalizwa kwa hesabu, na baromita inayotiliwa shaka huwekwa kando ya nyingine, haivunjwi. Ethiopia inapaswa kulijua hili kuliko nchi nyingi, kwani njaa ya Wollo iliyofichwa mwaka 1973 ilichangia kumwangusha Haile Selassie mwaka uliofuata.

Kwa hiyo nyaraka zilipaswa kutolewa, na Umoja wa Afrika, wenye makao yake Addis Ababa hiyo hiyo, ulipaswa kuzidai hadharani. Kama angepatikana afisa aliyepotosha hesabu, mwajiri wake angepaswa kumwadhibu. Kama asingepatikana, wote saba walipaswa kurudi kazini. Na malori yalipaswa kuachwa yapite wakati hesabu inahakikiwa, maana mtoto mwenye njaa hawezi kungoja majibu ya mabalozi.

Sehemu ya tano itaeleza jinsi kimbunga kinavyoinua bahari na kuisukuma nchi kavu.