Kukagua Pori Kabla ya Msimu: Kanga wa Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ndege wa porini anayelala juu ya miti, anayetembea kwa makundi na anayekimbia kwanza kabla ya kuruka ni kanga. Bata mzinga wa mwituni, ambaye kwao ni Amerika ya Kaskazini, hapa hajulikani ila yule wa kufugwa. Hata hivyo, kazi inayotangulia msimu wa kuwinda ndege hao wawili inafanana kwa mengi, nayo inaweza kuitwa ukaguzi wa pori, yaani kutembelea eneo la kuwindia wiki kadhaa kabla msimu haujafunguliwa, bila silaha, ili kujua ndege wanalala wapi, wanakunywa wapi, wanakula nini na wako wangapi. Wengi huichukulia kazi hiyo kuwa njia ya kuhakikisha kwamba mtu harudi mikono mitupu, lakini kwa kanga faida yake kubwa zaidi ni kumwonyesha mwindaji kundi ambalo hapaswi kuligusa.

Sababu iko katika maumbile ya ndege mwenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani, msimu wa majira ya kuchipua humruhusu mwindaji kupiga madume tu, na dume wa bata mzinga hajifichi: hutanua mkia, hushusha mabawa na hulia kwa sauti kubwa alfajiri akiwa bado mtini, hivyo anayesikiliza kabla ya jua kuchomoza anaweza kukadiria madume ya bonde zima bila kumwona hata mmoja. Kanga hana mbwembwe hizo. Dume na jike wana manyoya yaleyale ya kijivu cheusi yenye madoa meupe, kichwa kisicho na manyoya chenye rangi ya samawati, na pembe ya mfupa utosini. Na ingawa pembe ya dume kwa kawaida ni kubwa kidogo, tofauti hiyo haionekani kwa mtu aliye mbali. Alama ya kuaminika zaidi ni sauti, kwa kuwa jike hutoa mlio wa vipande viwili unaorudiwarudiwa, mlio ambao dume hana. Mwenye bunduki ya marisau, yaani ile inayotawanya punje nyingi za risasi kwa mpigo mmoja, hawezi kuchagua jinsia ndani ya kundi linalokimbia, na kwa hiyo anachoweza kuchagua ni kundi lenyewe.

Kagera hupata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli kuanzia Septemba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na kiangazi kirefu ni cha Juni hadi Agosti. Kanga huzaliana wakati wa mvua. Makundi huvunjika, dume na jike hujitenga wawiliwawili, na jike hutaga ardhini, katika kishimo kilichofichwa na majani marefu, kisha huatamia kwa siku 26 hadi 28. Mtu anayekagua pori mwezi Aprili ataona ndege wawili hapa na wawili kule, nyasi zikiwa zimewafunika, akaondoka akiamini kwamba eneo limekwisha ndege, kumbe wapo na wanalea. Kufikia Juni familia zimeanza kuungana tena, makundi ya ndege 20 au zaidi yanaonekana, nyasi zinakauka, na punje zilizoanguka wakati wa mavuno ya mahindi na maharage zinawavuta hadi mashambani. Kwa kuwa msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai 1, mwezi huo wa Juni ndio wenye manufaa. Ukaguzi wa mapema zaidi hupotosha kuliko unavyosaidia.

Mahali pa kuanzia ni pembezoni mwa mashamba. Wakulima wa karanga na mahindi wanamjua kanga kwa hasara, kwa sababu hufukua mbegu iliyopandwa na kuimaliza kabla haijaota, na mkulima aliyeshinda shambani akiwafukuza atajua wanatokea upande gani na wanakimbilia wapi. Mkaguzi asiyepiga hodi kwa watu hao anajinyima nusu ya habari. Baada ya hapo macho hushuka chini. Udongo uliochakurwa kwenye vichuguu vya mchwa na chini ya vichaka, nyayo zenye vidole vitatu vilivyotanuka mbele, na vijishimo vya vumbi jepesi vyenye upana wa sahani, ambamo ndege hujigaragaza mchana ili kuondoa wadudu, vyote ni ushahidi. Unyoya wenye madoa ulioachwa ndani ya kijishimo huondoa shaka kuhusu mwenyewe, na kingo za vumbi ambazo hazijabomolewa na upepo wala kupitiwa na sisimizi huonyesha kwamba pametumika hivi karibuni.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote uko chini ya mti wa kulala. Kanga hupenda kurudi mti uleule au miti ya jirani usiku hadi usiku, hivyo kinyesi cheusi chenye ncha nyeupe hujilimbikiza pale chini, kibichi juu ya kikavu. Jioni, kabla giza halijaingia, hupanda mmoja baada ya mwingine kwa kelele nyingi, na hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuwahesabu kwa darubini kutoka mbali. Inafaa kuhesabu vijana peke yao: wana rangi inayoelekea kahawia, pembe yao bado ni kijinundu, na shingo yao haijawa na rangi kali ya wakubwa. Kundi lenye vijana wengi lililea vizuri na linaweza kustahimili kupunguzwa. Kundi la wakubwa watupu lilipoteza mayai au vifaranga, iwe kwa moto, kwa wanyama walao nyama au kwa watu wanaookota mayai ya kanga na kuyaatamisha kwa kuku nyumbani, na busara ni kuliacha. Mti wa kulala hutazamwa tu. Kuwinda gizani ni kosa kisheria, na kundi lililoshtuliwa mtini huweza kuhama.

Kisha kuna mpaka, na hapa ramani ya zamani ni hatari. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo kwa miaka mingi yaliruhusu uwindaji wa leseni, yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato yenye kilomita za mraba 4,707, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote. Kanga hasomi vibao: anaweza kula shambani mwa mwanakijiji asubuhi na kulala hifadhini jioni. Kwa hiyo mkaguzi hana budi kuuliza kwa afisa wanyamapori wa wilaya mstari unapita wapi hasa, na eneo gani limeruhusiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo pia inakataza sumu na kuwinda kwa gari. Kwenda bila bunduki wakati huu si adabu tu. Mtu aliyekutwa porini na gobore wiki mbili kabla ya msimu atapata shida kueleza kwamba alikuwa akihesabu ndege.

Eneo hili limeshaona jinsi wanyama wanavyoweza kupungua kwa haraka. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka hapo Rusumo kwa muda wa takriban siku moja na kupiga kambi Benako, wilayani Ngara. Mahitaji ya kuni na kitoweo yaliyafyeka mapori ya jirani, na Burigi ikapoteza wanyama wengi. Tahadhari nyingine ni ya karibuni zaidi: Januari 2025 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, uliotangazwa kwisha Machi mwaka huohuo. Virusi vya ugonjwa huo hubebwa na popo walao matunda, wakaao mapangoni, hivyo mkaguzi haingii pangoni wala hagusi mzoga anaoukuta njiani.

Kalenda ya sheria na ya ndege haziendi sambamba hadi mwisho. Mvua za vuli zinapoanza, makundi yaliyohesabiwa Juni huanza kuvunjika tena, na ndege anayepigwa Oktoba au Novemba huenda ni jike mwenye mayai, ingawa leseni bado ni halali. Aliyefanya ukaguzi wake vizuri hana sababu ya kufika huko, kwani Julai na Agosti humtosha kupata ndege alioruhusiwa kutoka katika kundi alilolichagua.