Jinsi ya Kumwokoa Aliyezimia Bila Kuambukizwa Maradhi ya Kifua

Mtu akianguka ghafla kwenye kituo cha kuuzia majani chai, na majirani wanajua amekuwa akikohoa kwa wiki kadhaa, wengi hurudi nyuma. Hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo, moyo uliosimama hausubiri. Ubongo unaokosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi, na kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya mgonjwa kupona.

Katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet, barabara nyingi za mashambani ni za udongo na huteleza mvua inaponyesha. Ambulensi ikiitwa mapema kiasi gani, mara nyingi haitafika ndani ya dakika hizo. Ajali ya Londiani ya tarehe 30 Juni 2023 ilikumbusha kila mtu kwamba wa kwanza kufika penye maafa ni wananchi walio karibu. Kwa hivyo ni muhimu kila mkazi ajue jinsi ya kusaidia, na jinsi ya kujikinga anaposaidia.

Hatari inatoka wapi?

Kifua kikuu, COVID-19 na homa ya mafua huenea kupitia hewa na matone yanayotoka mdomoni na puani. Mtu anapobonyezwa kifua, hewa iliyo kwenye mapafu husukumwa nje, na inaweza kubeba viini. Kumpulizia pumzi mdomo kwa mdomo kunaongeza hatari zaidi.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa SARS mjini Toronto, Kanada, wachunguzi walifuatilia wahudumu wa afya walioshiriki kujaribu kumfufua mgonjwa mmoja, wakaona kuwa huenda maambukizi yalitokea wakati wa kazi hiyo. COVID-19 ilipoingia Kenya Machi 2020, mafunzo ya aina hiyo ndiyo yaliyofanya taratibu za kufufua wagonjwa zibadilishwe duniani kote.

Hata hivyo, hatari si sawa kwa kila ugonjwa. Kifua kikuu huambukiza zaidi wale wanaokaa na mgonjwa kwa muda mrefu katika nyumba isiyo na hewa ya kutosha. Mgonjwa anayemeza dawa zinazofaa kwa utaratibu hupunguza haraka uwezo wa kuambukiza wengine. Hakuna sababu ya kumwacha afe kwa kuwa tu anajulikana ana kifua kikuu.

Hatua za kufuata

1. Hakikisha mahali ni salama. Kama ni ndani ya nyumba, fungua mlango na madirisha yote. Waambie watu wasiohitajika wasogee mbali.

2. Mguse mgonjwa mabegani na umwite kwa sauti. Tazama kama kifua kinapanda na kushuka. Usiweke uso wako karibu na mdomo wake ili kusikiliza pumzi. Akitweta kwa nadra kama anayekata roho, hesabu kuwa hapumui.

3. Mtu mmoja apige simu: 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Mwingine akimbilie zahanati ya karibu au amwite mhamasishaji wa afya ya jamii.

4. Vaa barakoa ikiwa ipo. Funika mdomo na pua ya mgonjwa kwa barakoa, leso au kitambaa chepesi. Hatua hii ichukue sekunde chache tu. Kama hakuna barakoa, leso iliyofungwa usoni ni afadhali kuliko kukosa kitu, na kazi ianze.

5. Mlaze chali mahali pagumu, si kitandani. Piga magoti kando yake. Weka kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na kiganja cha pili juu yake. Nyoosha mikono na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kabisa kila mara.

6. Mtu mzima aliyeanguka ghafla hahitaji kupuliziwa pumzi na jirani. Damu yake bado ina oksijeni ya kutosha kwa dakika za mwanzo. Kinachokosekana ni msukumo wa kuifikisha kwenye ubongo.

7. Badilishaneni kila baada ya dakika 2, kwa sababu aliyechoka hubonyeza kidogo kuliko anavyodhani. Endeleeni mpaka mgonjwa aanze kupumua, au mhudumu wa afya achukue kazi. Akianza kupumua, ondoa kitambaa kinachomziba na umlaze kwa ubavu.

Watoto ni tofauti

Moyo wa mtoto kwa kawaida husimama kwa sababu ya kukosa pumzi, kwa mfano baada ya nimonia kali, kukabwa au kuzama majini. Mtoto anahitaji pumzi pamoja na kubonyezwa kifua. Mzazi au ndugu anayeishi naye nyumba moja amekwisha kuvuta hewa moja naye, hivyo ndiye anayefaa zaidi kumpulizia: pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30.

Hospitalini: kwa nini wanavaa kwanza?

Jamaa wa wagonjwa wakati mwingine hukasirika wanapoona wauguzi wakivaa gauni, glavu, miwani na barakoa za N95 kabla ya kuingia chumbani. Huo si uzembe. Tarehe 10 Julai 2020, Kenya ilimpoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza nchini kufariki kutokana na COVID-19. Mhudumu akiugua, wagonjwa wengi hukosa wa kuwahudumia.

Ndiyo maana pia wahudumu wachache tu huingia na mlango hufungwa. Badala ya kupuliza kwa mdomo, hutumia mfuko wa kupumulishia wenye kichujio cha kuzuia viini, na barakoa yake hushikwa kwa mikono miwili ili hewa isivuje. Jamaa husaidia kwa kusubiri nje na kusema mapema kama mgonjwa amekuwa akikohoa au anatumia dawa za kifua kikuu.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni ya mgonjwa wa kikohozi kama ilivyo ya mwingine yeyote.

Baada ya kusaidia

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa uso. Tupa barakoa iliyotumika mahali ambapo watoto hawafiki. Fua nguo na leso kwa sabuni. Mweleze mhudumu wa afya kwamba ulimsaidia mgonjwa, ili akushauri kama unahitaji kupimwa.

Ukipata kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku au kupungua uzito, nenda ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, na aina ya kawaida ya ugonjwa huu hutibiwa kwa miezi 6. Anayekohoa leo akipimwa na kutibiwa mapema, huenda kesho asihitaji kubonyezwa kifua na mtu yeyote.

Vikundi vya wakulima, vyama vya akina mama, makanisa na wafanyakazi wa mashamba ya chai wanahimizwa kuomba mafunzo ya huduma ya kwanza kupitia kituo cha afya kilicho karibu nao. Saa moja ya kujifunza kwa mikono inatosha kumpa mtu ujasiri wa kusogea mbele pale wengine wanaporudi nyuma.