Santuri Moja, Masikio Mia

Januari 1962 wahariri wa DownBeat, jarida la jazi lililoanzishwa Chicago mwaka 1934, walichapisha hakiki mbili za santuri moja ndani ya toleo moja. Santuri yenyewe ni Free Jazz ya Ornette Coleman. Pete Welding aliipa nyota tano, na tano ndiyo kilele cha kipimo chao. John Tynan hakuipa hata moja. Wote wawili walikuwa wasikilizaji wazoefu, na wote wawili walikaa na sahani ileile ya kampuni ya Atlantic, ile ambayo jalada lake lina mchoro wa Jackson Pollock.

Mimi niko upande wa Welding, ingawa Tynan namwelewa. Tarehe 21 Desemba 1960 Coleman aliingiza wanamuziki wanane, yeye akiwa mmoja wao, studio jijini New York, akawagawa bendi mbili za watu wanne wanne, zikapiga kwa pamoja: moja inatoka spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Kwa dakika kama 37 hakuna wimbo wa kuushika ukaondoka nao ukiuimba njiani. Aliyewahi kujaribu akakata tamaa katikati, namshauri azime spika ya kushoto. Atabaki na Eric Dolphy na klarineti yake ya besi, Freddie Hubbard na tarumbeta, Charlie Haden kwenye besi, Ed Blackwell kwenye dramu, na zile kelele zitageuka maongezi ya watu wanne wanaoelewana vizuri sana. Kisha afungue kushoto, amsikie Coleman mwenyewe anavyodakia.

Nieleweke mapema: jazi ninayoizungumzia hapa ni ya Wamarekani weusi, wala si ya bendi kama Morogoro Jazz au Western Jazz. Mashabiki wa Mbaraka Mwinshehe na wale wa Salum Abdallah wana ubishi wao mtamu, na ubishi huo unastahili ukurasa wake.

Ukikutana na shabiki wa jazi, popote pale, salamu yake ni swali: unasikiliza nini siku hizi? Ole wako ukijibu kwa kutaja jina la mwanamuziki tu. Atataka kujua ni rekodi ya mwaka gani, kampuni gani, mono au stirio, toleo la kwanza au lililorudiwa. Wapenzi wa santuri za kampuni ya Blue Note ndio waliokubuhu. Hao huigeuzageuza sahani kwenye mwanga kama mnunuzi wa karafuu anayekagua kiganja cha sampuli, wakitafuta pale katikati, karibu na lebo, herufi RVG. Ni za Rudy Van Gelder, mtu aliyekuwa akipima watu macho mchana kwa ajili ya riziki, na jioni akirekodi jazi katika sebule ya wazazi wake mjini Hackensack, New Jersey, hadi alipofungua studio yake Englewood Cliffs mwaka 1959. Karibu na herufi hizo hutafutwa pia alama ndogo iliyopinda mithili ya sikio, ya kiwanda kilichokuwa kikichapa sahani hizo. Sahani yenye sikio bei yake ni nyingine.

Anayewatazama kwa mbali ataona ni ugonjwa. Kiasi fulani ni kweli. Lakini shabiki anayeuliza ulisikiliza toleo gani ana sababu ya msingi, kwa kuwa mara nyingi watu wawili wanaogombana juu ya rekodi moja huwa hawakusikia kitu kimoja.

Ushahidi mkubwa ni Duke Ellington. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956 bendi yake ilipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Rhode Island. Wakati huo wengi walishaanza kumhesabu Ellington miongoni mwa waliopita. Usiku ukiwa umekwenda sana akaita vibao viwili vya zamani, vya mwaka 1937, Diminuendo na Crescendo in Blue, na katikati yake akamwacha Paul Gonsalves apulize saksafoni peke yake, piano, besi na dramu zikimsindikiza. Gonsalves akaurudia mzunguko wa wimbo mara 27. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeusi akainuka kwenye kiti chake akaanza kucheza, umati ukamfuata, na Jo Jones, mpiga dramu mkongwe aliyekuwa pembeni ya jukwaa, akawa anapiga mapigo kwa gazeti alilolikunja. Mwezi uliofuata sura ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la Time, na santuri ya usiku ule ikauzika kuliko zote alizopata kutoa.

Sasa sikiliza kilichokuwa ndani ya santuri hiyo. Jukwaani kulikuwa na vipaza sauti vya kampuni ya Columbia na kimoja cha Sauti ya Amerika, na Gonsalves alisimama akapulizia kile cha redio. Kwenye kanda za Columbia saksafoni yake, roho ya usiku mzima, ilisikika kwa mbali kama ya mtu aliye chumba cha pili. Sehemu nyingine za onyesho zilirudiwa studio siku chache baadaye, zikapakwa makofi na vifijo ili mnunuzi aamini yuko uwanjani. Watu walikaa miaka arobaini wakisifu na kuponda onyesho ambalo kwa sehemu kubwa halikufanyika Newport.

Katika miaka ya 1990 kanda ya Sauti ya Amerika ikapatikana. Mtafiti Phil Schaap na wenzake wakaioanisha na ile ya Columbia, moja upande wa kushoto na nyingine wa kulia, na mwaka 1999 Gonsalves akasikika kwa mara ya kwanza kama walivyomsikia waliohudhuria. Ungedhani ubishi ungekwisha hapo. Wapo mpaka leo wanaoshikilia ile ya mwaka 1956, pamoja na makofi yake ya kubandika, kwa sababu ndiyo waliyokua nayo, na wanadai George Avakian aliyeitayarisha alijua kujenga santuri. Mimi siwafuati. Ila nikisikiliza ile mpya kwa utulivu nakiri kwamba inachosha katikati, kama tamasha halisi linavyochosha, na hilo ile ya zamani ilifanikiwa kulificha.

Kind of Blue ya Miles Davis nayo ina kioja chake. Upande wa kwanza ulirekodiwa tarehe 2 Machi 1959, na mashine ya kunasia sauti siku hiyo ilikuwa ikizunguka polepole kidogo. Matokeo yake, kanda ilipopigwa kwa kasi ya kawaida muziki ulikwenda mbio kidogo na sauti zikapanda juu kuliko zilivyopigwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwaka 1992. Kabla ya hapo, kila mwanafunzi wa tarumbeta aliyejaribu kumfuatisha Davis nyumbani alijikuta haingiani naye, akadhani kosa ni la mdomo wake. Na bado, ukiwakalisha pamoja mashabiki wa rika tofauti, kuna watakaokwambia kibao chake cha So What, kwa kasi sahihi, kinasinzia.

Jina la mwanamuziki nalo huziba masikio. Leonard Feather alilijua hilo mwaka 1946 alipoanzisha katika jarida la Metronome jaribio la kuwapigia wanamuziki rekodi bila kuwaambia ni za nani, kisha kuchapisha maoni yao. Baadaye alilihamishia DownBeat. Roy Eldridge, mpiga tarumbeta mweusi aliyekuwa ameonja ubaguzi katika bendi za Wazungu, alimwambia Feather kwamba yeye akisikia tu anatambua mpigaji ni mweupe au mweusi. Akapigiwa sahani mwaka 1951. Alikosea nyingi kuliko alizopatia, akakubali kushindwa. Sisomi habari hiyo kama kicheko juu ya Eldridge, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutafuta ndugu zake ndani ya sauti. Naisoma kwa kuwakumbuka wote wanaoanza maoni yao kwa kusema "mtu kama fulani hawezi kupiga vibaya".

Kuna rekodi ambazo hata mpigaji mwenyewe hakutaka zisikike. Charlie Parker alirekodi Lover Man Hollywood tarehe 29 Julai 1946 akiwa mgonjwa, hajiwezi, na usiku uleule akakamatwa baada ya moto kuzuka katika chumba chake cha hoteli. Akaishia miezi sita katika hospitali ya Camarillo. Kampuni ya Dial ikaiingiza sokoni, naye hakuwasamehe. Wapo wanaoiona kuwa miongoni mwa vitu vya kweli zaidi alivyoacha. Mimi huwa naiondoa kabla haijaisha.

Wajapani walikuwa na dawa ya ubishi huu wote: mikahawa ya kusikilizia jazi, ambako kahawa inauzwa ghali, spika ni kubwa kuliko meza, na katika mingi ya zamani mteja hakuruhusiwa kuzungumza. Chigusa ya Yokohama ilifunguliwa mwaka 1933, wakati sahani ya Marekani ilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida kuinunua. Ningeukubali mkahawa wa namna hiyo kwa saa moja. Baada ya hapo ningehitaji mtu wa kubishana naye.

Na sisi wasikilizaji wa Kiswahili tunaingia wapi? Kwa kawaida tunaingia kama wageni, tunajifunza majina, tunakariri miaka, tunarudia maoni ya wakubwa wa New York na Paris. Lakini ziko santuri ambazo mbele yake wakubwa hao ndio wageni.

Ya kwanza ni Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Melba Liston ndiye aliyeipangia vyombo. Langston Hughes aliandika maneno. Ndani yake wamo Max Roach, Clark Terry, Yusef Lateef, Ron Carter, na Babatunde Olatunji kwenye ngoma. Inaanza na sehemu iitwayo Uhuru Kwanza na kumalizikia Kucheza Blues. Na hapo mwanzoni shairi la Hughes linasomwa kwa Kiingereza na Brock Peters, na kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, mwana wa Tanganyika ambaye Weston alimfahamu huko New York. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado ina mwaka mzima kabla ya kupandisha bendera yake. Mwaka 1964 makaburu wa Afrika Kusini waliipiga santuri hiyo marufuku.

Wanaoiandikia makala ndefu huko ughaibuni hutumia aya zao kwa Liston na kwa African Lady anayoiimba Martha Flowers, na wana haki. Wakifika kwa Sanga, husema kuna msemaji wa Kiswahili, basi, wanaendelea. Kwao sauti ile ni sehemu ya ngoma. Kwangu mpangilio ni mwingine kabisa: nasikia mtu anayesema na watu wake, wapiga ngoma wanamsubiri, na muziki wote unaofuata nausikia kama jibu la aliyoyasema. Nilipomshirikisha mzee mmoja wa Tanga hoja hiyo, alitikisa kichwa. Kwake Sanga anasoma kwa ukakamavu kama mtu aliye mbele ya hadhara ya wakubwa, na Uhuru Kwanza ingetosha kwa ngoma peke yake. Tumeirudia mara nyingi, hakuna aliyehama.

Ya pili ni Mwandishi ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971, iliyopewa jina la Kiswahili ambalo yeye mwenyewe alilitumia. Wenzake nao walikuwa na majina yao: Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Bennie Maupin Mwile, Julian Priester Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, na jina hilo halikuwa la kubahatisha, kwani alikuwa daktari kweli, mwenye shahada ya utabibu. Kibao cha kwanza, Ostinato, kimetungwa kwa ajili ya Angela Davis na kinakwenda kwa mapigo 15, hesabu inayomkwaza kila anayejaribu kupiga kofi. Haikuuzika vizuri, na haikupita muda mrefu kampuni ya Warner Bros. ikaachana nao.

Mzee wa Tanga anaiweka Mwandishi juu ya Uhuru Afrika bila kusita. Anasema Jabali peke yake anamtosha. Mimi naipenda zaidi kuanzia kibao cha pili, Hancock anapotulia kwenye piano ya umeme na Mganga akaachiwa nafasi. Tulikubaliana tu kwamba mwenye spika mbovu asijaribu Ostinato, maana besi ya Mchezaji ikipotea hakibaki cha kuhesabia.