Mbuga, Pori na Hifadhi: Majina ya Ardhi Iliyotengwa

Neno mbuga, kwa maana yake ya asili, halikuhusu wanyama wala serikali. Ni uwanda mpana wa nyasi usio na miti mingi. Na katika sehemu nyingi za bara ni bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, ambalo masika hujaa maji na kiangazi hupasuka nyufa. Wataalamu wa udongo katika Tanganyika walilichukua neno hilo kama lilivyo, wakalitia katika maandishi yao ya Kiingereza. Baadaye maana ilihama. Kwa kuwa wanyama wakubwa huonekana zaidi penye nyasi, "mbuga ya wanyama" ikawa jina la mahali wanapolindwa, na hatimaye "mbuga" peke yake ikatosha. Nchini Kenya ndivyo isemwavyo hata leo, na eneo la Nairobi, lililotengwa mwaka 1946, huitwa mbuga bila mtu kushangaa.

Upungufu wa neno hili hudhihirika linapopandishwa mlimani au kushushwa baharini. Kilimanjaro ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, lakini kilele chenye mita 5,895 za barafu na mawe si mbuga kwa maana yoyote ile. Jozani ya Unguja ni msitu na mikoko. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni maji na matumbawe. Hapana budi kukiri, basi, kwamba Tanzania ilifanya vyema kuchagua neno hifadhi kwa matumizi rasmi.

Asili ya hifadhi ni Kiarabu, na kabla ya kuwa jina la mahali lilikuwa jina la tendo: mtu huhifadhi Kurani kifuani, mkimbizi huomba hifadhi, na msafiri huombewa Mungu amhifadhi. Katika matumizi hayo yote yupo mwenye kulinda na kipo kinacholindwa. Sifa hiyo mbuga haina. Lakini hifadhi nayo ina kasoro yake, kwamba ni pana mno, na upana huo umeleta madhara yasiyo ya kamusi tu.

Mfano wake ni Serengeti na Ngorongoro. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanzishwa mwaka 1951 ilikusanya nchi zote mbili. Mwaka 1959 ziligawanywa: Serengeti ikabaki ya wanyama, pasipo makazi ya wafugaji, Ngorongoro ikawekwa chini ya sheria yake yenyewe, na Wamasai wakaruhusiwa kuishi humo pamoja na mifugo yao. Kwa Kiswahili, tofauti kubwa hiyo imebebwa na maneno mawili tu, "ya Taifa", ambayo Serengeti inayo na Ngorongoro haina. Wasemaji wengi huyaacha. Basi mwaka 2022, familia zilipoanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera wilayani Handeni, uhamisho ambao serikali iliueleza kuwa wa hiari na baadhi ya wakazi wakaupinga, msikilizaji aliyezoea kusema "hifadhi" tu aliweza kudhani kwamba watu hao walikuwa wamevamia hifadhi ya taifa. Sivyo ilivyokuwa.

Pori la akiba ni jina lililo sawa zaidi na jambo lenyewe, kwani akiba huwekwa ili itumiwe, na humo uwindaji wa kibali huruhusiwa. Pori tengefu ni jina gumu zaidi. Zamani lilihusu wanyama tu: uwindaji ulidhibitiwa, lakini watu waliishi, wakalima na kuchunga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ilikataza kulima na kuchunga humo bila ruhusa. Jina likabaki lile lile, na mzee aliyelijua kwa maana ya kwanza hakupewa neno jipya la kumwonya kwamba haki yake imebadilika. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, mambo haya yamekuwa kazi ya mfasiri wa sheria, wala si ya mwanaisimu peke yake.

Watu nao hutoa majina yao. Pori la Akiba la Selous, ambalo jina lake rasmi ni la mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, liliitwa Shamba la Bibi, kwa hadithi kwamba Kaisari Wilhelm wa Pili alimtunukia mkewe. Usemi huo huo leo una maana ya mali ya umma inayochumwa na kila apitaye. Na pori hilo lilichumwa kweli: tembo waliozidi 100,000 mwaka 1976 walikuwa wamebaki kama 13,000 mwaka 2013. Mwaka 2019 kilomita za mraba zipatazo 30,000 za upande wa kaskazini zilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na bunduki za wawindaji wa kibali zikanyamaza humo. Kusini ya mpaka huo, palipobaki pori la akiba, mwenye kibali bado huwinda.