Mbelewele ya Mahindi na Kazi Yake

Mkulima akivunja mahindi na kukuta gunzi lina mapengo, punje hapa na pale kama meno ya mzee, aghalabu hulaumu mbegu au mbolea. Mara nyingi sababu iko kileleni mwa mmea, kwenye kile kishada kiitwacho mbelewele.

Mmea wa mahindi una maua ya namna mbili. Ya kike yamo ndani ya suke, na kila unywele wa zile ndevu umeshikamana na mahali pa punje moja. Ya kiume yako kwenye mbelewele. Vunja tawi lake dogo asubuhi ulitazame: utaona vifuko vinavyoning'inia kwa nyuzi nyembamba, vitatu katika kila ua. Kifuko pamoja na uzi wake ndiyo stameni, kiungo cha kiume, na unga uliomo ndani ni chavua.

Unga huo huanza kutengenezwa mbelewele ingali imefichwa katika majani. Ndani ya kifuko mna chembe mama. Kila moja hujigawanya mara mbili, zikapatikana chembe nne, na kila moja ya hizo huchukua nusu tu ya urithi wa mmea. Nusu ya pili hutoka kwa ua la kike. Umande ukikauka, kifuko kilichokomaa hupasuka nchani na unga humwagika. Chembe ikinaswa na unywele, huotesha mrija mwembamba unaopenya hadi chini, na kwa muda wa siku moja hivi punje imetungwa. Unywele uliokosa chavua huacha pengo.

Mbelewele moja hutoa mamilioni ya chembe, lakini katika jua kali hufa baada ya saa chache. Tena ukame huchelewesha ndevu, zikaja kutokeza unga umekwisha. Ndiyo maana upande wa chini wa Embu na Tharaka, anayepanda mara mvua za Oktoba zinapoanza humshinda aliyengoja wiki mbili. Katumani huchanua kwa yapata siku 60, na mara nyingi mwisho wa Desemba mvua imekwisha kwenda zake.

Wengine hukata vilele kulisha ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa ana haki yake, sikatai; lakini na angoje ndevu zinyauke na kugeuka rangi ya kahawia. Mashamba ya skimu ni membamba, na anayekata mapema humpunja jirani pia, kwa kuwa unga huu husafiri na upepo wala haujui mpaka.

Upepo huo ndio unaowaharibia wanaohifadhi mbegu za haibridi. Haibridi 611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilichanganya mahindi ya Kitale na mahindi yenye asili ya Ecuador. Katika kuzalisha mbegu ya haibridi, mistari ya kike hung'olewa mbelewele zote kabla hazijamwaga, ipate chavua ya mistari ya kiume tu. Nani afanyaye hivyo shambani kwake? Punje ulizojiwekea zimetungwa kwa unga wa kila upande, urithi umechanganyika upya, na msimu ujao mimea haitalingana na magunia yatapungua. Haibridi inunuliwe upya kila msimu. Anayetaka kujiwekea mbegu na apande Katumani, ambayo si haibridi, achague masuke ya mimea mizuri iliyo katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani.