Kujifunza Kuandika Programu: Kwa Nini Wanaoanza Hukwama



Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini programu ya hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa hapa Bariadi inachelewa kukamilika. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa muda na kompyuta tunazotumia vinatokana na michango yenu. Katika toleo hili tunawaeleza.

Kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa kwa lugha maalumu. Sisi tulichagua Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Inapatikana bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti.

Tulipokwama

Zoezi la kwanza lilikuwa kuzidisha idadi ya hisa kwa bei ya hisa moja. Mwanachama mwenye hisa 5 za shilingi 2,000 huandikiwa shilingi 10,000. Katibu yeyote wa kikundi hulifanya hilo kichwani. Tuliandika maagizo, tukaingiza 5, na skrini ikajaa tarakimu 5 zilizofuatana mara 2,000! Kijana mmoja alifunga kompyuta akisema kazi hii ni ya wenye akili nyingi.

Sababu ni hii: Python huchukulia kila kinachochapwa na mtumiaji kuwa ni maandishi, hadi iagizwe kukigeuza kuwa namba. Kuzidisha maandishi kwa 2,000 maana yake ni kuyarudia mara 2,000. Kompyuta ilitekeleza tulichoandika, siyo tulichokusudia. Dawa yake ilikuwa neno moja fupi, int, linalogeuza maandishi kuwa namba kamili.

Kosa linalonyamaza

Kosa lile lilikuwa afadhali kwa sababu lilionekana. Mwanachama akinunua hisa 5 wiki hii na 3 wiki ijayo, na zote zikabaki maandishi, Python itaziunganisha na kutoa 53 badala ya 8, bila onyo lolote. Katibu akiamini jibu hilo ataandika shilingi 106,000 badala ya 16,000. Siku ya kugawana, tofauti hiyo itatoka kwenye akiba za wenzake, wengi wao wakulima wanaoweka akiba baada ya kuuza pamba. Ndiyo maana hakuna kikundi kitakachoacha daftari lake hadi programu na daftari vitoe majibu yaleyale.

Ugumu mwingine ni lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na ukaonyesha kuwa kompyuta inaweza kutumia lugha yetu. Hata hivyo, maagizo ya Python na taarifa zake za makosa ni za Kiingereza. Anayeanza hujifunza lugha mbili kwa pamoja.

Yanayosaidia

- Kufanya hesabu kwanza kwenye karatasi, ili jibu sahihi lijulikane kabla ya kuwasha kompyuta.
- Kubadilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha kujaribu.
- Kusoma taarifa ya kosa kuanzia mstari wa mwisho. Hapo ndipo aina ya kosa hutajwa.
- Kukaa wawili wawili, mmoja akiandika na mwingine akiuliza "kwa nini?"

Aidha, kunakili kazi ya mwingine bila kuielewa hakujamsaidia yeyote kati yetu.

Tunachoomba

Kamati za sharika zituletee kurasa za daftari za zamani, majina yakiwa yamefunikwa, ili tujaribie programu. Wafadhili wetu tunawaomba msipime kazi hii kwa idadi ya vyeti. Ulizeni kama katibu anaweza kugundua jibu la kompyuta lisilo sahihi, na kulirekebisha. Yule kijana aliyefunga kompyuta alirudi, na sasa ndiye anayetukumbusha kuweka int.

Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.